Nani Alisema, na Lini? Kupanga Taarifa za Kampuni za Bima katika Ofisi Ndogo

(Mhadhara kwa mawakala wa bima wa Malindi, Watamu na Lamu, kama ulivyotolewa Malindi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliotangulia katika kazi hii, niwieni radhi nikitaja jambo mnalolijua kunishinda. Wadogo zangu, nyinyi andikeni.

Nianze na swali. Nyote mko hapa ukumbini. Ofisini mmemwacha nani? Wengi mmemwacha kijana mmoja kwenye kaunta, pengine mpwa wako, pengine binti aliyepata cheti chake cha ustadi wa uwakala wa bima juzi tu. Sasa aingie mteja. Ana nyumba ya wageni Watamu, paa la makuti, jiko la gesi limepakana na baraza. Anauliza: "Mwanangu, ni kampuni gani itakayonikatia bima ya moto?" Yule kijana atakupigia simu. Nawe simu umeizima kwa heshima yangu, ahsante sana. Atamwambia mteja arudi kesho, na mteja atavuka barabara aende kwa mwenzako.

Jibu lilikuwepo. Unalo kichwani. Unajua kampuni ipi hukubali makuti, ipi hukataa hata kabla hujamaliza sentensi, na ipi itasema ngoja tuulize Nairobi. Lakini ofisi haijui. Ukiugua wiki mbili, ukienda Umra, ukifiwa, ofisi inabaki meza na kalenda.

Na hizo kalenda nazo! Nimeingia ofisi nyingi za mawakala mji huu, na nimeona nambari ya simu ya kampuni ikitafutwa kwenye kalenda ya ukutani ya mwaka juzi, iliyoletwa na afisa wa mauzo ambaye siku hizi yuko kampuni nyingine. Nyingine imo kwenye kadi ya biashara iliyokunjwa nyuma ya kifuniko cha simu. Nyingine ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tatu, na mahali penye maana ni sekunde tano katikati. Taarifa zipo tele. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikia mteja akiwa amesimama mbele yako.

Jambo nililokuja kulisema ni hili. Kila mstari unaouandika kuhusu kampuni ya bima uwe jibu la swali linaloulizwa kweli kwenye kaunta yako, na kando yake pawe na jina la aliyekupa jibu hilo na tarehe aliyokupa. Mengine yote, kama utumie daftari au Excel, kama uweke rangi au usiweke, ni mapambo.

Kwa nini nasema swali? Kwa sababu tukiambiwa tupange taarifa za kampuni, mkono hukimbilia kuandika sanduku la posta, tovuti, jina la mkurugenzi mkuu. Lini mteja amewahi kukuuliza jina la mkurugenzi mkuu? Keti na kijana wako wa kaunta wiki nzima, aandike kila swali analoshindwa kulijibu bila kukupigia. Kila kampuni ipe ukurasa wake, na maswali hayo ndiyo vichwa vyake. Kwa Malindi nitawakisia: Je, mnachukua tuktuk? Je, gari la mwaka huu na huu linapata bima kamili au thadipati tu, ile ya kufidia wengine uliowagonga? Makuti? Hoteli iliyofungwa msimu wa mvua, haina mtu ndani ila askari? Mnayo bima ya halali? Kadi hii ya matibabu inafanya kazi hospitali gani hapa? Nimegongwa, nifanyeje?

Tukae kidogo kwenye makuti, maana ndipo utaona tofauti ya taarifa na uvumi. Sote tunajua moto wa makuti wakati wa kaskazi, nyasi zimekauka na upepo unavuma: cheche ya nyumba moja inatua kwenye paa la tatu. Kampuni nazo zinajua. Sasa ukiandika "wanakubali makuti", hujaandika kitu. Wanakubali kwa masharti gani? Umbali kati ya jengo na jengo? Mitungi ya kuzimia moto? Paa lipakwe dawa ya kuzuia moto? Fundi umeme athibitishe nyaya? Mkaguzi aje kwanza, na akija kutoka Mombasa nani analipa? Wanafika thamani ya kiasi gani kabla ya kupeleka faili makao makuu? Na huyo aliyesema wanakubali alikuwa nani? Kama ni afisa wa mauzo mliyeonana naye kwenye chai, hilo ni tumaini. Kama ni afisa wa idara ya kuandikisha bima, na ameandika kwa barua pepe, hilo ni jibu. Yote mawili yaandike, lakini kila moja liandikwe kwa jina lake.

Kwa swali la namna hii mimi hutumia maneno matatu tu: wanakubali, wanakataa, wanauliza. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na kwa mambo ya pwani yetu ndilo huwa jibu la kweli mara nyingi. "Wanauliza" linamfundisha kijana kumwambia mteja mapema kwamba jibu litachukua siku kadhaa, na kumwomba picha za paa na za jiko palepale badala ya kumrudisha mara mbili.

Liko swali jingine ambalo huku kwetu si la pembeni: bima inayofuata sharia ya Kiislamu, yaani takaful. Takaful Insurance of Africa ilianza kazi hapa Kenya mwaka 2011, na tangu hapo mteja wa Malindi au wa Lamu anayo haki ya kuuliza na kujibiwa kwa ufasaha. Usiandike "takaful: ipo" ukaishia hapo. Atakuuliza pesa zinakwenda wapi. Kijana wako awe na sentensi mbili zilizo sahihi: kwamba michango huwekwa kwenye mfuko wa pamoja wa wachangiaji, kampuni ikiuendesha kwa ujira; na kwamba ziada ikibaki, iko taratibu ya kugawa, isiyo ahadi. Sentensi hizo zisomwe na mtu wa kampuni yenyewe kabla hujaziweka, maana hapa neno moja likienda kombo ni ugomvi hadi msikitini.

Sasa majina. Kampuni za bima hubadilisha majina, huungana, hununuliwa, na wateja wetu hawaambiwi. Mzee anakuja na polisi, yaani hati ya bima, ya Mercantile. Mercantile ikawa Saham, na Saham ikaingia MUA, ambayo yenyewe ilikuja kupitia Phoenix of East Africa. Mwingine ana karatasi za Real, iliyonunuliwa na Britam. Mwingine anaulizia Pan Africa, iliyokuja kuwa Sanlam. Jubilee, iliyozaliwa hapa pwani, Mombasa, mwaka 1937, jina la ukoo limebaki lakini watoto wamegawana nyumba: afya kivyake, maisha kivyake, na bima ya kawaida, ya magari, moto na mali, ikaingia mikononi mwa Allianz. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na mstari wa majina ya zamani, na kijana akitafuta jina la zamani aangukie ukurasa wa sasa. Hilo tu litakuokolea asubuhi nzima.

Tena sheria inataka biashara ya bima ya maisha itenganishwe na bima ya kawaida, ndiyo maana jina moja kwenye bango laweza kuwa kampuni mbili au tatu zenye leseni tofauti. ICEA LION ya magari si ICEA LION ya maisha. Mnaona kama ni mambo ya mawakili. Basi tazameni Paybill, ile nambari ya kulipia kwa simu. Kampuni mbili za jina moja, nambari mbili za kulipia. Na Sheria ya Bima ya Kenya haiiruhusu kampuni ya bima ibebe hatari kabla haijapokea malipo. Pesa ikienda kwa dada badala ya kaka, mteja anaendesha gari akiamini ana bima, nayo haijaanza. Wakala mmoja, simtaji na hayumo humu, alikaa siku tatu akizifukuza pesa za namna hiyo kutoka idara hadi idara, na gari limeegeshwa. Nambari ya Paybill iandikwe na mtu mmoja, isomwe na mtu wa pili, ndipo iingie. Na isinakiliwe mahali pengine popote. Mwenye kuitaka aifuate kwenye ukurasa wake.

Je, kampuni iliyokufa, tuifute? Naona vichwa vinatikiswa kukubali. Hapana, msifute. United Insurance ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, matatu nyingi nchini zilikuwa mikononi mwao, na maswali yaliendelea kuja miaka mingi baadaye. Aliyejeruhiwa barabarani ana miaka 3 ya kufungua kesi, na kesi yenyewe huchukua muda wake. Mteja wako anaweza kupokea hati ya mahakama leo kwa ajali ya gari lililokuwa na bima ya kampuni ambayo haipo tena. Ukurasa ubaki, juu uandikwe kwa herufi kubwa HAIUZI BIMA, chini yake nani sasa anashughulikia madai, na kwamba uko Mfuko wa Fidia kwa Wenye Polisi za bima ulioundwa kwa hali kama hizo, nao una kikomo.

Nije upande wa madai, maana hapa ndipo ofisi zetu huumbuka. Fungua simu yako utazame: majina ya watu wa kuuza bima unayo kumi, wa madai unaye mmoja, na pengine alishastaafu. Ni kawaida, kwa sababu mtu wa mauzo hukutafuta yeye, na wa madai ni wewe unayemtafuta. Lakini mteja hatakukumbuka kwa bei. Atakukumbuka kwa ule usiku alipogongwa karibu na Gede, saa tatu, mvua inanyesha, na akakupigia.

Ndiyo maana nashauri ukurasa wa kampuni uanze na madai, juu kabisa, kabla ya bei na kabla ya masharti. Nambari ya dharura inayopokelewa usiku. Na "inayopokelewa" maana yake umeipiga usiku ukaona. Gari livutwe hadi wapi, na nani analipa anayevuta. Gereji wanazozikubali: iko Malindi, au hadi Mombasa? Mkadiriaji hasara anatoka wapi, na huchukua muda gani kufika huku. Karatasi wanazotaka: fomu yao ya dai, abstrakti (karatasi ya kituo cha polisi inayothibitisha ajali), nakala ya leseni ya dereva, logibuku (hati ya umiliki wa gari). Kila kampuni ina karatasi yake moja ya ziada ambayo hawaisemi hadi siku ya nne. Iandike hiyo! Umeijua kwa taabu ya mteja mmoja, isimtaabishe wa pili. Na uandike wanavyolipa kweli, uonavyo wewe, mbali na kipeperushi kinavyoahidi. Sheria inazungumzia siku 90 za kulipa dai. Wewe unajua nani hulipa mapema na nani husubiri apigiwe. Hilo ni siri ya ofisi. Litunze kwa adabu, liandike kwa matukio na tarehe, bila matusi, kwa sababu ipo siku mtu wa kampuni hiyo ataketi kwenye kiti chako na kioo cha kompyuta kitakuwa kimemwelekea.

Yako mambo ambayo ni ya kampuni zote, nayo yasirudiwe kwenye kila ukurasa. Tozo ya mafunzo ni asilimia 0.2, ya Mfuko wa Fidia asilimia 0.25, na ushuru wa stempu shilingi 40. Bima ya shilingi 20,000 inakuwa 20,130 kwa kampuni yoyote ile. Kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya thadipati chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari ya thadipati, nacho ni cha wote. Haya yawe na ukurasa mmoja unaoitwa "Ya Wote". Serikali ikibadilisha tozo, unarekebisha mahali pamoja. Ukiwa umeyanakili kwenye kurasa ishirini, utarekebisha kumi na saba, na zile tatu zitakungoja.

Na yako mambo ambayo hayafai kuandikwa kabisa. Orodha ya hospitali zinazopokea kadi ya kampuni fulani ni samaki asiye na barafu: asubuhi mzuri, jioni humtaki. Usiinakili. Andika mahali inapopatikana orodha yao wenyewe, na nambari ya kupiga kuhakikisha kabla mgonjwa hajapakiwa kwenye tuktuk. Mambo ya matibabu yamechanganyika zaidi tangu Oktoba 2024, SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliposhika nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Bado naona vipeperushi kwenye kaunta zetu vinasema NHIF. Vitoeni leo jioni, tafadhalini.

Nywila pia. Kila kampuni sasa ina mlango wake wa mtandaoni, na vyeti vya magari ni vya kidijitali. Nimeona nywila zimeandikwa kwenye lahajedwali ileile inayotumwa kwa kila mtu, tena kwa wino mwekundu. Hizo ziwe kwingine, na kila mfanyakazi awe na njia yake ya kuingia kampuni ikiruhusu, ili akiondoka umfungie yeye peke yake. Na habari za wateja, vitambulisho, PIN za kodi za KRA, picha za logibuku, zisichanganywe na kurasa za kampuni hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimtazami mkubwa pekee. Hata ofisi ya watu wawili imo.

Chombo gani? Swali hili huulizwa kwanza, nami huliweka nyuma makusudi. Ofisi ya kampuni nne au tano, daftari kubwa lenye kurasa za kupachika na kutoa linatosha. Zaidi ya hapo, lahajedwali moja iliyowekwa mtandaoni, mtu mmoja tu akiwa na ruhusa ya kubadilisha na wengine wakisoma. Stima huku inapotea, mtandao nao una siku zake, kwa hiyo nambari za madai za kampuni zote zichapishwe karatasi moja, ibandikwe upande wa ndani wa kaunta, ikiwa na tarehe chini. Karatasi mpya ikija, ya zamani ichanwe. Isipochanwa, zitakuwa mbili, na kijana atasoma iliyo karibu na feni.

WhatsApp muiache ibaki mlango wa kuingilia. Kampuni hutuma mabadiliko huko, hatuwezi kuwakataza. Lakini ujumbe wa kampuni ambao haujaingia kwenye ukurasa hadi ofisi inafungwa, uhesabiwe haujafika. Yule mwenye ruhusa ya kubadilisha ndiye mwenye kazi hiyo, na asiwe wewe mwenye ofisi. Wewe una safari nyingi mno na una tabia ya kusema "nitakumbuka".

Januari ndio wakati wa kupitia zote. Leseni zetu na za kampuni ni za mwaka, zinakwisha tarehe 31 Desemba, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima hutoa orodha ya walio na leseni. Chukua orodha ile, pitisha kidole: jina ni lile? Aina ya bima waliyoruhusiwa ni ileile? Barua yako ya uwakala bado ina nguvu? Kisha mistari yote ambayo tarehe yake imepita mwaka, piga simu moja moja. Ukikuta aliyesema hayupo tena, jibu lake limeondoka naye, uliza upya.

Ndugu yetu kutoka Lamu alinivuta kando kabla hatujaanza, akaniambia: haya yote ya magari, kwetu kisiwani magari ni ya kuhesabu, sisi tuna boti na punda. Kwa punda sina jibu. Kwa boti, muundo ni uleule ila maswali ni mengine. Kampuni zinazochukua boti ndogo za abiria ni chache, na nyingi utazifikia kupitia broka, kwa hiyo ukurasa uoneshe njia: moja kwa moja, au kupitia nani. Andika wanataka ripoti ya mkaguzi gani wa vyombo, kama wanataka cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Baharini kiwe hai siku ya kuandikisha, kama injini inahesabiwa ndani ya chombo au kando. Uliza waziwazi kama abiria wa kivuko cha Mokowe wamo, au wamo wafanyakazi wa chombo tu. Na kwa Lamu uliza jambo ambalo Malindi hatuliulizi mara nyingi: madhara ya ugaidi na vurugu za kisiasa, yamo au yanauzwa peke yake? Jibu la hilo lisiwe la mdomo. Mwambie akuandikie, uweke barua yenyewe nyuma ya ukurasa.

Haya, maswali. Mama pale mbele umenyoosha mkono tangu kwenye makuti, wewe uanze.